Tupeane uzoefu: ni kipande gani ulichokikata, baadaye ukaja kukitafuta?

Mshona Picha

Habari zenu wakuu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nahariri video hapa Dar tangu 2006. Nilianzia studio moja ya harusi pale Sinza, siku hizi nafanya makala fupi za kujitegemea. Wiki iliyopita mama yangu mkubwa alinipigia simu akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo limeninyima usingizi, ndiyo maana nimeanzisha uzi huu.

Mwaka 2008 kaka yangu, mtoto wa huyo mama mkubwa, alioa. Sherehe ilikuwa ukumbini Magomeni, na kamera niliishika mimi. Wakati wa nasaha, bibi yetu mzaa mama akapewa kipaza sauti. Aliongea dakika tisa, nusu Kiswahili nusu Kizaramo, na katikati akaimba wimbo wa kwao wa kumpokea mke wa mjukuu. Jenereta la ukumbi linanguruma nyuma, MC anamwonyesha saa, watoto wanalia. Nilipokaa kuhariri nikabakiza sekunde arobaini tu, pale anaposema Mungu awabariki, na juu yake nikapitisha muziki. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Mkanda wenyewe ulikuwa MiniDV wa dakika 60. Saa moja ya MiniDV ukiiingiza kwenye kompyuta inakula kama GB 13, na diski yetu ilikuwa ya GB 80 kwa studio nzima, harusi tatu hadi nne kwa wiki. Kwa hiyo DVD zikishatoka, Jumatatu nafuta mafaili, kanda zinarudi kwenye boksi zikarekodie harusi ya Jumamosi inayofuata. Ndio ulikuwa utaratibu wa pale, na mimi niliufuata bila kuuliza.

Bibi alifariki 2013. Sasa mama mkubwa anataka wajukuu wausikie ule wimbo, maana yeye mwenyewe anaukumbuka nusu tu. Akaniuliza, "Si ni wewe uliyerekodi? Umeuweka wapi?" Nikakosa la kusema.

Nimejiuliza sana tangu siku ile. Waliotutangulia walikata kwa mkasi na wembe, na kilichokatwa kilianguka sakafuni, ungeweza kuinama ukakiokota. Mimi nilibonyeza kitufe kimoja. Naomba tupeane uzoefu, wa maandishi, wa picha, wa filamu, wa kanda: ulianza na kifaa gani, kazi ilikuwa inakwendaje, na kipande gani ulikikata kisha ukaja kukitafuta. Karibuni.

Mzee wa Lugoda

Marahaba binti yangu, na pole sana.

Nilikuwa mhariri msaidizi kwenye gazeti moja la Kiswahili hapa mjini kuanzia 1976. Nieleze kidogo kazi ilivyokuwa, maana vijana wengi wanadhani kuhariri kulikuja na kompyuta.

Habari ya mikoani ilifika kwa simu, au kwa bahasha aliyokabidhiwa kondakta wa basi. Ikija kwa simu, mtu anakaa na taipureta, kichwa kimebana mkono wa simu begani, anapiga huku anapaza sauti, "Rudia hilo jina! Herufi kwa herufi!" Karatasi inaletwa kwangu mistari imeachana, na katika nafasi hizo ndimo kalamu yangu inamopita. Nikishamaliza, inateremka kwa mafundi wa Linotype. Mashine hiyo aliibuni Ottmar Mergenthaler, Mjerumani aliyehamia Marekani, na gazeti la New York likaanza kuitumia mwaka 1886. Inayeyusha madini ya risasi na kuumimina mstari mzima kwa mara moja. Sasa ukiona "kuku" imetoka "kuuk", hugusi herufi. Unatupa mstari wote, unamiminwa mwingine. Na fundi akiwa amechoka, mstari mpya unakuja na kosa jingine mahali ambapo jana palikuwa sawa. Kwa hiyo kila sahihisho tulilipima kwanza kama linastahili.

Kipande changu ni hiki. Mwanzoni mwa miaka ya 80 karatasi ya kuchapia ilikuwa ya kuomba Mungu, kurasa zikapunguzwa. Waandishi walifundishwa kuweka lililo kubwa juu, ili mhariri akibanwa akate kuanzia chini. Usiku mmoja habari ya lori lililopinduka barabara ya kusini ilizidi nafasi kwa mistari saba. Fundi amesimama mbele ya fremu ya ukurasa, mkono tayari. Nikamwambia toa saba za mwisho. Nilijua kilichomo: majina ya majeruhi na hospitali waliyopelekwa. Nikajiambia majina tutayatoa kesho. Kesho yake ikaja hotuba ndefu, majina hayakutoka.

Siku ya nne akaja baba mmoja kutoka Temeke, ameshika gazeti letu amelikunja mara nne. Anauliza mapokezi kama tunajua waliojeruhiwa wako wapi, kwa sababu mwanawe alipanda lori lile. Pale ofisini tulikuwa na msumari mrefu uliosimama juu ya kibao, karatasi zilizokwisha kutumika zikichomekwa humo moja juu ya nyingine. Nilikwenda mwenyewe nikazipekua mpaka nikaipata ya yule mwandishi. Jina la kijana lilikuwa mstari wa tano kati ya ile saba. Nikamsomea baba yake. Kijana alikuwa hai, yuko hospitali ya wilaya kule kule kusini, na siku nne zote mzazi alikuwa anazunguka wodi za Dar.

Hakunilaumu. Aliniomba nimwandikie jina la hospitali nyuma ya lile gazeti. Mpaka nastaafu sikuwahi tena kukata kutoka chini bila kusoma kila neno, hata fundi anune vipi.

Mshona Picha

Mzee wangu, nimesoma mara mbili. Ule msumari sisi studio hatukuwa nao. Asante sana.

Taa Nyekundu

Wakuu, mimi ni wa picha za mnato. Nilianza 1983 nikiwa na miaka kumi na tano, kwenye studio ya baba yangu mdogo Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu.

Wakati ule tulikuwa tunasema "kusafisha picha", na kweli ilikuwa kusafisha. Chumba cheusi, balbu moja nyekundu, trei tatu: dawa ya kutoa picha, ya kuisimamisha, ya kuikaza, halafu maji mengi, na maji yenyewe tulibeba kwa ndoo. Kuhariri kulifanyika kwa mikono gizani. Uso wa mteja ukitaka kuwa mweusi kuliko alivyo, unachukua duara la kadi uliloligundisha kwenye waya mwembamba, unalizuia juu ya karatasi wakati mwanga unashuka, mwanga usiuunguze uso. Lazima ulitikisetikise, ukilituliza litaacha alama ya duara kama kofia. Anga likiwa limepauka, unakunja viganja viwili kuacha upenyo tu, unaliongezea mwanga mpaka linakolea. Mtu mwenye kovu unamshughulikia kwenye negativu, ile filamu ya kamera ambamo cheusi huonekana cheupe: kovu jeusi humo linaonekana doa jeupe, basi unalijaza taratibu kwa penseli ngumu iliyochongwa ncha ndefu kama sindano. Baba mdogo alikuwa anachonga penseli kwa nusu saa na kujaza kwa dakika mbili.

Nawasikia watu wakisema uongo wa picha ulianza na Photoshop. Si kweli. Photoshop ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, iliingia sokoni Februari 1990. Kabla ya hapo Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, aliuawa 1940 na kisha akatolewa kwenye picha waliyopiga kando ya mfereji; alipokuwa amesimama pakachorwa maji. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada. Na hapa kwetu pwani, kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa anaunganisha negativu na vipande vya picha kwa ustadi mpaka mtu anaonekana amechomoza ndani ya ua, na wateja wake walijua na walipenda. Tofauti ni mtazamaji anaambiwa nini.

Sasa kisa changu. Mwaka 1991 alikuja mama mmoja na picha tuliyowapiga sisi wenyewe: yeye, mumewe, watoto wawili. Anataka mume atolewe. Hatukumuuliza sababu. Tukachapa nakala kubwa, nikamkata yule bwana kwa wembe, nikabandika kipande cha pazia mahali pake, nikapiga picha upya, kisha nikapita kingo kwa brashi. Shida ilikuwa mkono. Bwana alikuwa ameweka mkono begani kwa mtoto mdogo, na vidole havikutoka bila kuharibu shati la mtoto. Nikavipaka rangi vifanane na mikunjo ya shati. Mama akaridhika, akalipa.

Mwaka 2015 akaingia kijana, amekwishakuwa mtu mzima, na ile picha ndani ya bahasha. Akaweka kidole begani kwa yule mtoto. "Mzee, hapa pana nini? Tangu mdogo naona kama vidole." Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Nilisita, siwafichi, kwa sababu siri ilikuwa ya mama na alinilipa niitunze. Lakini bega lilikuwa lake yeye.

Negativu zetu tulizihifadhi kwenye makopo ya biskuti, kila moja katika bahasha yenye namba na mwezi. Tulipekua makopo sita. Nikaipata, nikaiskani, nikamfungulia kwenye kompyuta. Alimtazama baba yake muda mrefu, halafu akashika sikio lake mwenyewe.

Wembe wangu haukugusa negativu, ndiyo maana nilimrudishia. Na ubovu wa kazi yangu ulimwachia kijana alama ya kumwuliza. Tangu 2023 Photoshop ina uwezo wa kubuni yenyewe kitu cha kujaza pengo. Nimeijaribu: ningemtoa yule bwana leo, programu ingetengeneza bega zima jipya, shati safi, bila hata kivuli cha kidole. Hilo linanisumbua.

Deki Mbili

Mkuu Taa Nyekundu, umenigusa.

Mimi Kinondoni, 1999. Deki mbili za VHS na TV moja. Deki ya kushoto ina mkanda uliorekodiwa, ya kulia ina mkanda mtupu. Unatafuta mahali unapotaka, unabonyeza kusimamisha zote mbili, unaziachia kwa pamoja na unaomba zishikane. Hakuna kuingiza kitu katikati. Ukifika dakika ya 80 ukagundua dakika ya 10 umeweka tukio lisilo lake, una njia mbili: urudie yote kuanzia dakika ya 10, au unyamaze. Na kila ukinakili, picha inapungua: kopi ya kopi rangi inavuja, nywele zinakuwa wingu. Kwa hiyo unapanga kichwani na kwenye daftari kabla hujagusa kitufe. Mpaka leo naandika daftari kwanza.

Baadaye tukapata kompyuta ya Pentium na programu ya kuhariri ya Premiere. Unaacha filamu inarenda, yaani kompyuta inaiunda filamu iliyokamilika, usiku kucha, saa kumi alfajiri umeme unakatika, asubuhi unaanza upya.

Kwangu mimi majuto ni ya kutokukata. Filamu zetu zilipoanza kuuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili, hadithi ya dakika 70 tuliambiwa ifike zaidi ya saa mbili. Basi gari linaingia getini, mlinzi anafunga geti, dereva anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka barazani, anagonga, anasubiri. Vyote nimeviacha. Kulikuwa na dada mmoja mwigizaji, tukio la kupokea habari ya msiba: hakulia, aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo, taratibu, halafu vidole vikasimama. Sekunde sita. Niliambiwa watu hawataelewa, nimwagie muziki na nimrudie kumkuza uso mara tatu. Nikamwaga. Ule ungo ndio ulikuwa filamu nzima, nami niliuzika.

Halafu mleta mada, nina swali. Zile kanda za MiniDV za studio zilikwenda wapi? Mkanda ukirekodiwa tena unafutika pale tu kichwa kilipopita. Harusi iliyofuata kama iliishia dakika ya 40, dakika 20 za mwisho bado ni za zamani. Kaulize.

Mshona Picha

Kaka Deki, sikuwaza hivyo kabisa! Studio ilifungwa, lakini aliyekuwa bosi wetu ninaye kwenye simu. Naenda Jumapili.

Nukta na Mkato

Naja na upande wa maandishi. Nimehariri vitabu vya shule zaidi ya miaka ishirini.

Kwanza nikumbushe kwamba hata Kiswahili tunachokiandika hapa kimepita mikononi mwa wahariri. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikawa inapitia miswada ya vitabu na kuipa idhini. Mtu wa Lamu akiandika kama alivyozaliwa akisikia, anarekebishwa. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ilikuja 1967, na mpaka leo kuna ithibati ya lugha. Siibezi kazi hiyo, ndiyo inayomfanya mtoto wa Bukoba na wa Mtwara wasome kitabu kimoja. Nasema tu ndivyo nilivyolelewa: neno lisilojulikana na wote nililiona gugu.

Kama mwaka 2003 hivi nilipewa mswada wa mzee mmoja wa Mafia, kitabu kidogo cha kusoma cha darasa la nne, habari za mvuvi na mjukuu wake. Kila mahali ameandika "dema". Nikabadilisha: "mtego wa samaki". Alikuwa na aya nzima ya jinsi dema linavyosukwa, fito zipi, tundu linaelekea wapi, kwa nini samaki anaingia na hatoki. Nikaitoa yote, nikihofia watoto wa bara wangeiruka. Nilifanyia kwenye Word, mabadiliko yakionekana kwa rangi nyekundu. Kazi ilipopitishwa nikabonyeza kukubali yote, nikahifadhi juu ya faili lile lile.

Wenye umri wangu mtakumbuka mswada wa taipureta ulivyokuwa unarudi na makovu yake. Neno la mwandishi limepigwa mstari lakini linasomeka, na yangu iko juu yake, na pembeni yeye kaandika "Hapana." Palikuwa na mabishano kwenye karatasi. Hata amri hii ya kukata na kubandika, ambayo Larry Tesler na wenzake waliitengeneza Xerox PARC kule California miaka ya 70, iliiga mkasi na gundi za mezani. Faili langu lilitoka safi, limeng'aa, utadhani mzee aliandika hivyo tangu mwanzo.

Alipopata kitabu aliniandikia barua ya mistari miwili. "Mwanangu, mtego hutegwa hata porini. Samaki wangu mimi aliingia dema."

Mwaka 2016 tukawa tunaandaa toleo jipya, nikataka kurudisha ile aya. Karatasi zake zilitupwa ofisi ilipohama, faili ndilo hilo safi, na mwenyewe amekwisha kutangulia. Nilikwenda Feri siku tatu mfululizo kuwauliza wavuvi. Walinieleza vizuri sana, na mmoja alinichorea dema mchangani kwa kijiti. Neno nimelirudisha. Aya niliiandika upya, lakini ni yangu, na mtu aliyewahi kusuka dema atalijua hilo kwenye sentensi ya kwanza.

Futi Thelathini na Sita

Jina langu humu ni dakika moja ya filamu ya 16mm. Picha 24 kwa sekunde, picha 40 kwa futi, futi 36 kwa dakika. Nilijifunzia Taasisi ya Audio Visual hapa Dar miaka ya 80, kwenye Steenbeck, meza ya kuhariria filamu, picha inapita kwenye sahani moja na sauti kwenye nyingine, kila moja mkanda wake.

Nitakuwa mfupi. Negativu halisi hatukuigusa. Tulikata nakala ya kazi, na kila kipande kilichotoka, hata cha picha tatu, urefu wa ukucha, kiliandikwa namba kwa penseli ya nta kikaning'inizwa kwenye msumari mdogo juu ya kikapu cha kitambaa. Mwalimu wetu alikuwa akikuta kipande sakafuni kazi inasimama mpaka kijulikane ni cha nani. Filamu ikikamilika ndipo mtu anavaa glavu za pamba na kuikata negativu, mara moja tu, kwa kufuata nakala. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Na wewe mleta mada, jina ulilochagua ni la haki. Sinema ilipoanza Marekani, wengi waliokuwa wanakata na kuunga mikanda walikuwa wanawake, wakati ule watu wakiiona kazi hiyo kama aina ya kushona.

Dogo wa Feri

Shikamooni wazee wangu wote. Mimi nina miaka 22, sijawahi kushika mkanda. Naediti kwenye simu, CapCut, na nimejifunzia kitaa, hakuna aliyenifundisha.

Nimesoma huu uzi nimekaa kwenye boda, nimeona nami nina changu. Mwaka jana nilimrekodi babu mmoja anayekaanga samaki pale sokoni Feri, yupo pale tangu kabla sijazaliwa. Aliongea dakika 14. Babu ana mwendo wake: anasema neno, anageuza samaki, anatazama bahari, anasema lingine. Mimi nikatumia ile ya kuondoa ukimya, unabonyeza tu, programu inaokota kila mahali ambapo hakuna sauti na kupakata. Dakika 14 zikawa nne, nikachagua sekunde 58, maandishi chini, muziki. Ikatazamwa sana, kuliko kitu chochote nilichowahi kupandisha.

Nikaenda kumwonyesha. Babu akacheka, akafurahi kujiona. Lakini binti yake, ambaye anamsaidia pale, aliitazama mpaka mwisho akanirudishia simu. "Huyu siyo baba. Baba haongei hivi, haharakishi." Akarudi kwenye mafuta yake.

Nilikuwa bado na video nzima kwenye simu, bahati tu sikuwa nimeifuta, nafasi ilikuwa inakaribia kujaa. Nikairudia. Nimeacha anageuza samaki, nimeacha sauti ya mafuta, nimeacha anapotazama maji kabla ya kujibu. Imekuwa dakika tatu na kidogo. Waliotazama ni wachache sana, namba imeanguka vibaya. Binti yake aliniomba nimtumie kwenye WhatsApp, na mara ya pili aliniomba nimtumie tena kwa sababu alibadilisha simu.

Mzee wa Lugoda

Kijana, marahaba. Umefanya vizuri. Hiyo ya pili itunze mahali pawili.

Mshona Picha

Wakuu, naleta mrejesho.

Jumapili nilikwenda Kimara kwa aliyekuwa bosi wangu. Kanda zipo! Maboksi mawili stoo, chini ya viti vya plastiki. Lebo zimeandikwa zikafutwa zikaandikwa tena, mkanda mmoja una harusi nne kwa kalamu tofauti. Kamera ya kuzichezea haipo, nikaazima kwa rafiki Tabata, ikanichukua siku mbili kupata waya wa FireWire na kompyuta yenye tundu lake.

Kanda ni kumi na moja zenye mwandiko wangu. Nimezipitia zote kwa mwendo wa kawaida, maana MiniDV haina haraka, saa moja ni saa moja. Mkanda wa nasaha za bibi umerekodiwa juu mpaka mwisho, na watu nisiowajua wanakata keki. Wimbo haupo. Nililia, sitaki kuwadanganya.

Mkanda wa tisa, harusi ya juu yake inaishia dakika ya 51. Panakuja sekunde kadhaa za bluu, halafu ghafla ule ukumbi wa Magomeni. Ni wakati wa chakula. Kamera nimeiacha inarekodi juu ya stendi bila kujua, imeelekea pembeni, inaonyesha ukingo wa meza, mapaja ya bibi na kanga yake ya zambarau, mkono wake unapiga meza taratibu. Uso hauonekani kabisa. Anavuma wimbo kwa kufumba mdomo, bila maneno, labda ndio ule wenyewe, mama mkubwa atasema. Kwa mtindo wangu wa siku zile ningekitoa hata bila kukitazama. Inakwenda hivyo dakika mbili na sekunde kumi na nane, kisha nasikika mimi napita, na bibi anaacha kuvuma.

"Na wewe mpiga picha," anasema, "umekula?"

Nimeitoa nakala tatu. Kesho asubuhi naipeleka Mbagala kwa mama mkubwa.